Nambari Asiyoijua Mwalimu

Mkazi wa mjini nchini Kenya huandika nambari ya kitambulisho chake mara nyingi kuliko anavyoandika jina la mama yake mzazi. Langoni mwa jengo la ofisi kuna mlinzi na daftari la jalada gumu: jina, kitambulisho, simu, unamwona nani, saa ya kuingia. Kwenye duka la fotokopi, ambalo kila mtu huliita saiba, picha ya kitambulisho hubaki ndani ya kompyuta pamoja na za wateja waliotangulia, na anayekuja baadaye kuchapisha barua yake anaziona zote kwenye kioo. Daftari la mlinzi likijaa, hakuna anayeuliza limepelekwa wapi. Wapo waliokula karanga zilizofungwa kwa kurasa zake.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alifanya kazi kwa miaka mingi mahali ambapo nambari hizo hatimaye huja kudaiwa. Alikuwa karani wa mikopo katika sacco moja ya Pwani, yaani chama cha akiba na mikopo, ambacho wanachama wake walikuwa walimu na wauguzi, na baadaye wafanyabiashara wadogo. Kazi yake ilikuwa kupokea fomu, kuhakiki wadhamini na kuagiza ripoti ya CRB, yaani ya kampuni zinazotunza historia za mikopo za watu, kabla kamati ya mikopo haijakaa. Kamati ilitaka kujua jambo moja tu: huyu ana deni baya au hana. Karatasi nyingine zote za ripoti zilibaki kwenye faili bila kusomwa.

Kisa kilichobadilisha usomaji wake kilitokea mwisho wa mwezi, wakati foleni ya sacco hufika hadi ngazini. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Kilifi alitaka mkopo wa kuezeka nyumba. Mshahara ulitosha, akiba ilitosha, na wadhamini wake walikuwa walimu wenzake wasio na doa. Lakini ripoti ilirudi na mikopo ya simu iliyochelewa kulipwa, midogo midogo, yote ya mwaka uliotangulia.

"Mwalimu, hii mikopo ya simu umeshailipa?" karani akauliza.

"Mikopo gani, mwanangu? Mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea." Akaitoa mfukoni iwe ushahidi: mulika mwizi ya vibonye, imefungwa kwa raba betri isichomoke.

Karani alikwisha kuwazoea wanaokana madeni. Wengine hukana kwa aibu, wengine kwa kusahau kweli, maana mkopo wa shilingi mia tano uliochukuliwa usiku wa kuamkia Krismasi si jambo la kukumbukwa mwezi wa Agosti. Hata hivyo mwalimu huyu alikana kwa utulivu uliomfanya karani arudi kwenye ukurasa wa kwanza, penye maelezo ya mtu mwenyewe: majina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, sanduku la posta, mwajiri, nambari za simu. Chini ya jina la mwalimu kulikuwa na nambari tatu. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mkewe, ambayo yeye ndiye aliyeisajili. Ya tatu aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akairudia, akasema hajawahi kuiona.

Kisha akafanya jambo ambalo karani hakulitarajia. Akaibonyeza nambari ile kwenye simu yake, taratibu, na kabla hajamaliza jina likatokea lenyewe kwenye kioo. Lilikuwa jina la mpwa wake.

Maelezo yalichukua muda mfupi. Kijana alikaa kwa mjomba wake akisubiri kujiunga na chuo. Alikuwa hajapata kitambulisho, na bila kitambulisho hausajili laini. Mjomba akamwazima chake, wakaenda pamoja kwa wakala, laini ikapatikana. Hapo hapakuwa na wizi wowote. Wazazi na wajomba kote nchini wamefanya hivyo. Wizi ulikuja baadaye, kijana alipogundua kwamba laini iliyosajiliwa kwa jina la mwalimu mwenye umri na historia nzuri hukubaliwa mikopo ya simu upesi kuliko laini ya mtoto wa shule. Akakopa, akalipa, akakopa zaidi, akaacha kulipa, akanunua laini yake mwenyewe.

"Niende polisi niseme nini?" mwalimu akauliza. "Huyo ni mtoto wa dada yangu."

Alilipa madeni yote juma lile. Sheria ilimpa njia nyingine. Mtu anayeona kwenye ripoti deni asilolijua ana haki ya kuandikia ofisi ya CRB kulipinga, bila malipo. Ofisi humrudia mkopeshaji athibitishe, taarifa hiyo huwekewa alama kwamba inabishaniwa, na ikikosa uthibitisho hufutwa. Mkopeshaji naye aghalabu hudai nambari ya OB (daftari la matukio) kutoka kituo cha polisi, pengine na hati ya kiapo. Njia hiyo inafaa sana pale mwizi anapokuwa mgeni. Mwizi anapokuwa amekula ugali mezani pako, kila karatasi unayoijaza inamsogeza karibu na seli, na wengi hugeuka wakalipa. Kulipa nako hakufuti mambo papo hapo: deni lililochelewa kisha likalipwa linaweza kubaki kwenye historia ya mtu kwa miaka 5 tangu siku ya kulipwa, likiwa na maelezo kwamba limelipwa.

Kilichomuuma karani ni tarehe. Deni la kwanza lilikuwa limekaa kwenye ripoti ile zaidi ya mwaka kabla mwalimu hajafika sacco. Lingeonekana likiwa moja, la shilingi mia kadhaa, lingemalizwa uani kwa maneno makali ya mjomba na radhi za mpwa. Lilipoonekana yalikuwa madeni mengi yenye riba, bati limeshapimwa, na fundi anasubiri.

Sababu ya watu kuchelewa inajulikana. Kanuni za CRB za Kenya zilitoka mwaka 2008, na kampuni ya kwanza ikapewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010. Baadaye zikawa tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwanzoni lilikuwa jambo la mabenki na wakopaji wakubwa. Kisha mnamo Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo ukaingia ndani ya simu, zikafuata programu nyingine chungu nzima, na mnamo Januari 2019 Fuliza ikamruhusu mtu kutumia pesa asizokuwa nazo akiwa mbele ya muuza nyama. Mikopo ilikuwa midogo, lakini asiyelipa alipelekwa CRB vilevile, na hadithi zikaenea za vijana waliokosa kazi kwa sababu ya shilingi mia mbili. Waajiri walidai cheti cha CRB pamoja na cha polisi, cha mamlaka ya kodi na cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Cheti hicho kilikuwa kikigharimu shilingi 2,200, na wapo waliokuwa wakitafuta kazi waliozikopa.

Kwa hiyo jina CRB likawa jina la kutisha. Watu husema fulani "amewekwa CRB" kwa sauti ile ile ya kusema amewekwa ndani. Nani ataamka asubuhi njema aende kuchungulia gereza? Mtu husubiri aitwe. Aliyewahi kuvuta ripoti yake pasipo kutakiwa na benki wala mwajiri alikuwa adimu sana mbele ya meza ya karani, ingawa kanuni zinampa kila mtu ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Metropol ilipatikana kwa *433# hata kwa mulika mwizi, TransUnion kwa ujumbe wa kwenda 21272. Taarifa za kampuni moja si lazima zifanane na za nyingine, na huo ndio ujanja mdogo ambao karani aliwafundisha wanachama: usizivute zote siku moja. Vuta moja sasa, nyingine baada ya miezi kadhaa, ya tatu mwisho wa mwaka, na hapo umejilinda mwaka mzima bila kutoa nauli.

Mnamo Aprili 2020, ugonjwa wa korona ukiwa umeanza kuwabana watu, Benki Kuu iliamuru madeni ya chini ya shilingi 1,000 yasipelekwe tena CRB kama madeni mabaya, ikawaondoa waliokuwa wameorodheshwa kwa viwango hivyo, na ikawanyima ruhusa ya kupeleka taarifa wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa. Ulikuwa uamuzi wa huruma na wa haki. Lakini una upande ambao hausemwi. Mwizi wa majina huanza kwa kujaribu, hukopa kidogo aone kama mlango uko wazi. Deni hilo la majaribio halipigi kengele tena. Ndiyo maana jicho halipaswi kutafuta madeni mabaya peke yake.

Somo hilo alilileta mama mmoja aliyeuza nguo za mitumba soko la Kongowea. Ripoti yake ilikuwa safi. Hakuna deni lililochelewa, alama zake nzuri, kamati ingempitisha bila neno. Lakini karani, ambaye tangu kisa cha mwalimu alikuwa akisoma hadi ukurasa wa mwisho, alifika kwenye orodha ya walioomba kuiona ripoti hiyo. Kila mkopeshaji anapochungulia taarifa za mtu huacha nyayo: jina la taasisi, tarehe, sababu. Nyayo za sacco zilikuwapo. Zilikuwapo pia za wakopeshaji wawili ambao mama hakuwahi kuwasikia, ndani ya siku chache, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, umeomba mkopo mahali hivi karibuni?"

"Ningeomba kwingine ningekuja kwako?"

Hakuna aliyekuwa amempa mwizi pesa bado, angalau si kwa mujibu wa karatasi ile. Lakini mtu alikuwa anazunguka na kitambulisho chake akibisha hodi. Mama alikumbuka kwamba miezi michache nyuma alikuwa amedondosha kitambulisho, akapata hati ya polisi ya kupotelewa, akaomba kingine, na shughuli ikaishia hapo. Kitambulisho kipya kilikuja na nambari ile ile ya zamani. Aliyeokota cha kwanza alikuwa bado na kila alichohitaji. Safari hii karani aliandika barua kwa wakopeshaji wote wawili pamoja na nakala ya hati ya polisi, mama akaweka saini, na maombi yakafungwa kabla pesa hazijatoka. Kwa maoni ya karani, ukurasa ule wa nyayo ndio wenye thamani kuliko kurasa zote, na ndio ambao hakuna mtu anayeuuliza.

Binamu yake, muuguzi anayeishi Texas, alimcheka aliposikia habari za barua na mihuri. Kwao Marekani, alisema, mtu hufungia ripoti yake yote. Huingia kwenye tovuti za Equifax, Experian na TransUnion, moja baada ya nyingine, akazifunga, na tangu hapo mkopeshaji mpya hawezi kuiona ripoti, hivyo hawezi kufungua akaunti kwa jina hilo mpaka mwenyewe afungue. Tangu Septemba 2018 huduma hiyo ni bure kwa sheria ya taifa, na ripoti zenyewe mtu anaweza kuzivuta bure kila wiki.

Kilichosukuma sheria hiyo ni aibu ya mwaka mmoja kabla. Septemba 2017 Equifax yenyewe, mlinzi wa siri za mikopo za nchi nzima, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, nambari za hifadhi ya jamii. Walipita kwenye kasoro ya programu iitwayo Apache Struts ambayo dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo. Kampuni haikuwa imeiziba. Mwaka 2019 ilikubali kulipa angalau dola milioni 575. Binamu alikuwa miongoni mwa walioibiwa, na ndiyo sababu milango yake yote mitatu ina kufuli hadi leo.

Wakenya walipata kioo chao wenyewe mnamo Juni 2021. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilifungua njia ya mtu kuangalia mtandaoni kama amesajiliwa kuwa mwanachama wa chama. Ndani ya saa chache mitandao ilijaa hasira: watu wasiowahi kuhudhuria hata mkutano mmoja wa siasa walijikuta wanachama, wengine wa vyama ambavyo hata majina yake hawakuyajua. Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, alipokea malalamiko zaidi ya mia mbili. Hapakuibwa pesa. Lakini kwa mara ya kwanza watu wengi waliona kwa macho yao kwamba nambari waliyoiandika langoni au kwenye kaunta inaweza kuwa imetembea sana bila wao. Swali la wote lilikuwa moja, nalo halikupata jibu la kuridhisha: wameipata wapi?

Sheria ya kulinda data ilikuwapo tayari, tangu Novemba 2019, na meno yake yalianza kuonekana. Septemba 2023 ofisi ya Kassait iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu iliyoendesha KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na vitisho vya madeni. Benki Kuu nayo, tangu Machi 2022, huwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni.

Ripoti ya mikopo, hata ukiisoma mpaka nukta ya mwisho, haioni kila kitu. Haioni laini. Karani alianza kuwaambia wanachama wabonyeze *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Msimbo huo huo hutumika Tanzania kwa laini zilizosajiliwa kwa nambari ya NIDA, kitambulisho cha taifa cha huko. Wapo waliokuta laini za watoto wao waliokwisha kuoa, na wapo waliokuta za watu wasiowajua kabisa. Ripoti haioni pia siku laini yako inapohamishiwa kadi nyingine. Wezi wa aina hiyo hupiga simu wakijifanya wahudumu, wakapata tarakimu walizokosa, simu yako ikapoteza mtandao, na kabla hujajua, akiba imetoka na mkopo umechukuliwa juu yake. Mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa Narok na Bomet, ulitajwa na polisi mara nyingi katika kesi hizo mpaka jina lake likawa mzaha, jambo la kuwaonea wakulima wa mahindi wa pale. Anayetumia mtandao wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishwe kadi na wakala wa mtaani.

Na aghalabu ripoti haioni dhamana. Hapa karani alikuwa kwenye uwanja wake. Sacco husimama juu ya wadhamini: mwanachama anakopa, wenzake wanaweka akiba zao rehani, wanatia saini, wanaambatisha nakala ya kitambulisho na karatasi ya mshahara. Nakala hizo hubaki mikononi mwa mkopaji mpaka fomu ifike ofisini. Mwenye nia mbaya hutoa fotokopi ya ziada, na mwaka unaofuata mdhamini yule yule "anadhamini" tena, kwa saini iliyofuatishwa taratibu juu ya kioo cha dirisha. Mwenye jina hugundua siku mkopaji anapokwama na makato yanapoingia kwenye mshahara wake.

Karani alipendekeza kwamba kila nambari ya kitambulisho ikiandikwa kwenye fomu ya dhamana, mwenye nambari apelekewe ujumbe kwenye simu aliyoisajili sacco siku ya kufungua akaunti, si ile iliyoandikwa kwenye fomu, na mkopo usitoke mpaka ajibu. Kwenye mkutano mkuu mwanachama mmoja mzee alisimama akapinga, akisema watu wazima hawaulizwi mara mbili walichokwisha kutia saini. Mhasibu naye alilalamikia gharama ya ujumbe. Hoja ikapita kwa kura chache.

Wiki za mwanzo zilikuwa na kelele nyingi kuliko karani alivyotarajia, ingawa si kwa sababu aliyoitarajia. Zilipatikana dhamana chache za kughushi, zikazuiwa, wenyewe wakashukuru. Kelele zilitoka majumbani. Wanaume kadhaa walikuwa wamejisajili sacco kwa simu za wake zao, na wake zao sasa walikuwa wakipokea ujumbe ulioeleza, kwa jina na kiasi, ni marafiki gani wanaodhaminiwa kwa akiba ya karo ya watoto. Mmoja alifika ofisini asubuhi na mapema, hata salamu hakumaliza, akataka kujua kama ujumbe ule unaweza kubadilishwa uende nambari nyingine. Karani alimwambia inawezekana, aje na kitambulisho chake halisi, ajaze fomu, na sacco itampelekea mkewe ujumbe wa kuthibitisha.